Rivyu ya maji ya mkokoteni: hamali nyota tano, mtungi nyota tatu, mfereji sijui niupe nini

Watu huandika rivyu za pizza, za simu, za saluni. Mie leo naandika ya maji ya mkokoteni, manake ndo huduma ninayoilipia kila siku ya Mungu kuliko hata bando za simu, na sijawahi kuona mtu akiipa nyota. Kwa wasioijua Mombasa nitawaeleza kwa ufupi: mji huu una watu wa mfereji, watu wa kisima na watu wa mkokoteni, na mara nyingi ni mtu huyo huyo mmoja, inategemea ni Jumatatu ama ni Alhamisi.

Nakaa Majengo, ghorofa ya tatu, tuko watu watano nyumbani. Mfereji upo jikoni, mzuri, unang'aa, na ukiufungua unapumua tu, fuuuu, kama mzee anayejiinua kitini, halafu kimya. Kuna siku hutoka, lakini hutoka saa nane za usiku, kwa hivyo kwetu mfereji haufungwi, ndoo inalala chini yake, na tone la kwanza likigonga plastiki aliye karibu anaruka. Mwanangu wa miaka tisa, ambaye kumwamsha kwenda shule ni vita, tone hilo humwamsha mara moja.

Basi twende kwenye huduma yenyewe.

Hamali wangu hufika saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Hakuna programu ya kuagiza wala nini, wamsikia tu anapiga mtungi mtupu kwa kiganja, bu bu bu, "Majiii! Maji tamu!", na kabla ya yeye ushausikia mkokoteni wenyewe ukilia kona ya msikiti kwa sababu ekseli ni ya gari lililokufa zamani. Mkokoteni ni mbao, hiyo ekseli, tairi mbili zilizoisha meno, na kipande cha tairi kimefungwa kwa nyuma kikiburuzwa chini, hicho ndo breki. Unapakia mitungi 20 ya lita 20. Pigeni hesabu, ni kilo 400 za maji peke yake, mbao na chuma bado, na huyo mtu anasukuma kwa kifua kutoka barabara kubwa mpaka ndani vichochoroni huku bodaboda zampigia honi ati awapishe.

Bei ni shilingi 30 mtungi ukichukulia chini mlangoni. Akikupandishia ghorofa ya tatu aongeza 10. Ngazi ni 51, nimezihesabu siku nlipokuwa na mimba, na yeye hupanda na mitungi miwili kwa mpigo, kilo 40, anaongea njia nzima, mie nyuma yake na mkate mmoja mkononi natweta. Siku moja kifuniko kilifyatuka ngazini maji yakateremka mpaka kwa jirani wa chini, akaomba tambara, akapangusa ngazi moja moja mpaka mlangoni, na ule mtungi hakunidai. Kwa kupandisha nampa tano, kungekuwa na sita ningempa sita.

Kasoro zake ni mbili. Chenji hana kamwe, ukimpa noti ya 500 asubuhi akutazama kama umemtukana, mtumie kwa simu tu mmalizane. Na Jumapili haji, yuko kanisani, kwa hivyo Jumamosi jioni lazima ununue ya siku mbili na kwangu mahali pa kuweka mitungi minane ni mmoja nyuma ya mlango wa chooni na mmoja chini ya kitanda na kadhalika, mtu akija nyumbani Jumamosi adhani nafungua duka.

Sasa mtungi. Hapa ndo nyota zinaanguka.

Ule mtungi wa njano ukiugeuza utaona ulikuwa wa mafuta ya kupikia. Mafuta ya mawese yalitoka huko Malaysia ama Indonesia ambako misitu ilikatwa ikapandwa michikichi, yakashushwa hapa hapa bandarini Kilindini, yakachoma mahamri ya nchi nzima, halafu mtungi ukaanza maisha ya pili kwenye mkokoteni. Mtungi mpya wiki mbili za mwanzo maji yake yana utando wa rangi rangi juu na chai yanukia bajia. Kabla ya hii ya plastiki kulikuwa na debe, debe la bati lililokuja na mafuta ya taa, na babu yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akitusimulia watu wa mzega, mti mmoja begani, debe mbele debe nyuma, wakipita nyumba kwa nyumba Mji wa Kale. Na kabla ya debe mtungi ulikuwa mtungi kweli, wa udongo, ukitokwa jasho pembeni maji yakapoa yenyewe bila friji. Jina tumebaki nalo. Yaani tangu zama za debe maji ya mji huu yamebebwa ndani ya chombo kilicholetwa na biashara ya mtu mwingine, na sie twakiokota kikishamaliza kazi yake.

Na kifuniko! Zamani hamali alikuwa anaweka kipande cha nailoni juu ya mdomo wa mtungi halafu anakaza kifuniko, tone halitoki. Agosti 2017 mifuko ya plastiki ikapigwa marufuku Kenya nzima, sheria naiunga mkono kwa mikono miwili, mitaro ya huku mvua ikinyesha ilikuwa ni supu ya mifuko, lakini kwenye kutunga ile sheria sidhani kuna mtu aliyefikiria mdomo wa mtungi wa hamali. Wakahangaika. Kuna waliojaribu karatasi ya pakiti ya unga, ikalowa ikaingia ndani. Wangu alikuja na akili yake, amekata tyubu ya baiskeli vipande vya duara, ndo anazibia. Hazivuji hata, lakini ukinywa ya chini kabisa ya mtungi wapata ladha ya panchari. Nyota tatu, na hizo tatu ni kwa sababu nampenda.

Tuje kwa maji, na hapa nitakaa kidogo.

Huku hatusemi maji tu, twasema maji tamu na maji ya chumvi. Ya chumvi ni ya kisima, yamo ndani ya kodi ya nyumba, landilodi ana pampu, twatumia kwa choo na kudekia na kufua nguo za kazi. Sabuni haitoki povu, nywele zawa kama nyuzi za katani, sufuria yaota ukoko mweupe chini. Pilau ukiyapikia hayo chumvi huongezi. Tamu ni ya kunywa, kupikia, kuogeshea mtoto na kuoga siku una harusi.

Tofauti ya bei ni kubwa kwa hivyo wapo wanaochanganya. Siku hamali wangu alikwenda kwao nikanunua kwa mwengine nisiyemjua, mitungi miwili, akaapia tamu. Siku hiyo ndo wakwe zangu wanakuja kutoka Lamu. Nikabandika chai ya maziwa, iliki, tangawizi, kila kitu, inachemka tu hivi chai ikakatika, maziwa yakaelea vipande vipande kama mgando, na mama mkwe amesimama mlango wa jikoni ananitazama, hasemi kitu, na watu wa Lamu wakinyamaza ndo wamesema. Tangu siku hiyo mtungi siulipi kabla sijauonja. Wachovya kidole, wagusa ulimi. Ukiwa na wasiwasi wasugua sabuni kidogo kiganjani, ikikataa povu, mwambie ateremke nayo.

Bi mkubwa wa chini, ambaye ndo mwenye baraza na habari zote, yeye haonji kwa kidole. Hujimiminia kwenye kata, anakunywa funda moja, anafumba macho, halafu akuambia haya ya Mzima ama haya ya Baricho, vyanzo viwili vya mbali vya maji ya mji huu. Mie simwamini lakini sijathubutu kumwambia. Ndo yeye aliyenifungua macho kwa kusema kitu nlichokuwa sijakifikiria miaka yote nlioishi hapa: "Mwanangu, kisiwa hiki hakijawahi kuwa na maji. Kina bahari."

Na kweli. Mombasa imekaa juu ya jiwe la matumbawe. Mvua ikinyesha yapenya, na maji ya mvua kwa kuwa ni mepesi hukaa juu ya maji ya bahari yaliyo chini ya ardhi, kama mafuta yanavyokaa juu ya mchuzi. Ukichota kwa ndoo na kamba, kidogo kidogo, wapata huo utando wa juu. Ukitia pampu ukavuta mchana kutwa, utando wakwisha na bahari yapanda. Zamani kisima kimoja mtaa mzima, sasa kila ploti ina kisima na pampu yake, na hatua chache kutoka kisimani pana shimo la choo, na lile jiwe lina matundu kama sponji, kinachoshuka huku chatokea kule. Ndo manake kipindupindu kikirudi mjini swali la kwanza ni umekunywa wapi. Kwa hivyo mtu akiniambia hamali ni ghali, si uchote kisimani, huwa namtazama tu.

Wazee waliyajua haya. Msikiti wa Mandhry pale Mji wa Kale umejengwa 1570 na kisima kiko papo, misikiti yote ya zamani ukiitazama utaona kisima na birika vimepangwa kabla ya mambo mengine. Wareno walipojenga Fort Jesus kuanzia 1593 wakachimba kisima ndani ya ngome na bado wakajenga tangi la kuvuna mvua, manake kisima cha kisiwani hukitegemei peke yake, na Waomani walipowazingira kuanzia 1696 ilikuwa karibu miaka mitatu watu wamefungiwa mle. Na ukitoka ukaenda Gedi, kule Kilifi, mji mzima wa mawe, majumba, misikiti, watu wakauhama karne ya 17 na mojawapo ya sababu zinazotajwa ni kwamba maji ya visima yalizidi kushuka. Mie nlipelekwa pale na shule nikiwa darasa la saba, nlichokumbuka ni tumbili aliyeiba chapati yangu. Mwaka jana nimerudi na watoto nikajikuta nachungulia kisima badala ya majumba.

Haya, kwa hivyo mji huu wanywa maji ya watu wengine. Mkoloni alipotaka bandari kubwa alianza na chemchemi za Marere kule Shimba Hills, Kwale. Hazikutosha. Miaka ya 1950 wakalaza bomba kutoka Mzima Springs, ndani ya Tsavo West, kilomita zaidi ya 200 mpaka Mazeras, na yaja kwa mteremko tu. Baadaye ikaja Baricho, visima vya ukingo wa mto Sabaki, hayo lazima yasukumwe kwa pampu, kwa hivyo stima ikikatika kule nasi huku twakauka. Mto wenyewe wa Sabaki ndo ule ule Athi unaoanzia huko juu karibu na Nairobi, wapokea uchafu wa Nairobi njiani, wazunguka nusu ya nchi, halafu sie twachimba visima kwenye mchanga wake. Hilo silifikirii nikiwa nakunywa.

Hilo bomba la Mzima lafuata njia ya Nairobi. Lapita Taru, pakavu mpaka wajenzi wa reli walikuwa wakibebewa maji kwa treni. Kuna na stesheni yaitwa Maji ya Chumvi, jina lenyewe ni rivyu, aliyeipa hakuzungusha maneno. Watu wa Taita Taveta wamelalamika miaka nenda miaka rudi kwamba chemchemi iko kwao, bomba lapita kwao, na wao wanapanga foleni. Watu wa Kwale wana kilio hicho hicho. Nikiwa mtoto nlikuwa nikisikia hizo kelele kwenye redio naona kama ni siasa tu za wanasiasa.

Mpaka hamali wangu.

Ilikuwa Januari, kaskazi limekaza, jua la kutoboa, mfereji una wiki tatu hata kupumua umeacha. Bei ilikuwa imepanda mpaka 50. Nlikuwa na hasira, nikamwambia kaka, na nyie mwatunyonya, maji yakikosekana mwafurahi. Akaweka mitungi chini. Hakukasirika. Akanieleza hesabu yake kwa vidole, na mie hesabu nilikuwa nikifanya vibaya shuleni lakini hii niliielewa. Siku za kawaida ananunua mtungi kwa 10 kwa mwenye mfereji unaotoka, auza 30, apata 20, mkokoteni mmoja wa mitungi 20 ni 400, na kwa siku aweza kwenda mara tatu. Hiyo ni 1,200, atoe kodi ya mkokoteni, atoe chakula. Maji yakikosekana anayanunua kwa 25, auza 50, kwa mtungi apata zaidi kweli, 25, lakini foleni ya kuchota ni kuanzia saa tisa za usiku na siku nzima ataenda mara moja tu. 500. Kodi ya mkokoteni haishuki. Kwa hivyo sie tukilipa karibu mara mbili yeye anaingiza chini ya nusu, na hizo pesa za katikati zinabaki kwa mwenye mfereji. Nikaona haya. Nikamwambia keti basi.

Nikampa maji, yake mwenyewe, kwenye gilasi, yametoka friji. Akanywa akauliza, hivi haya yatoka wapi hasa? Nikamwambia alivosema bi mkubwa, Mzima, kule mbugani, yatoka vilima vya Chyulu. Akashika gilasi hivi akaitazama.

"Chyulu? Si ni kwetu hapo."

Kwao ni ndani huko Kibwezi, upande wa pili wa vilima hivyo hivyo. Nikataka kujua, akanieleza vizuri kuliko kitabu. Chyulu ni milima ya volkano, mawe meusi, juu kuna msitu na ukungu, mvua yanyesha lakini mto hauteremki hata mmoja, maji yote yazama ndani ya mawe kama umemimina kwenye kapu. Yapita chini kwa chini na kutokea mbali, mengine ndo hayo Mzima kwenye viboko na mamba, yamechujwa masafi mpaka pakajengwa chumba cha vioo uingie utazame samaki chini ya maji. Lakini kijijini kwao, wanaokaa wanautazama huo mlima kila asubuhi, mama yake ana punda, punda abeba mitungi minne, mitungi ya njano kama hii hii, na maji ananunua. Kabla ya kuja Mombasa walikuwa na ng'ombe. Mvua zikakosa misimu mitano kuanzia mwisho wa 2020 mpaka mwisho wa 2022, ng'ombe wakaenda, yeye akapanda basi. Na huko juu mlimani watu ambao hawana mahindi wanakata miti kuchoma mkaa, na mkaa wapakiwa magunia waletwa wapi? Akanionyesha jiko langu, mkaa wawaka chini ya maharage.

Akacheka. Akasema, "Kumbe mama, mie nimekuja huku kuyasukuma yale yale."

Najua mtungi wa siku fulani waweza kuwa wa Baricho. Haidhuru. Tangu siku hiyo nikisikia ekseli ikilia kona ya msikiti naona ule mvua wa Kibwezi umezama, umepita chini ya mawe, umeingia bomba kilomita zaidi ya 200 bila kusukumwa na mtu, halafu umefika Mombasa, umebakisha mita mia chache na ngazi 51, na hapo ndo wasukumwa kwa kifua cha mtu ambaye mamake ananunua maji.

Nirudi kwa pesa, manake rivyu bila pesa si rivyu. Mie natumia mitungi minne ya tamu kwa siku, 40 mmoja na kupandisha, 160, kwa mwezi wa siku 30 ni 4,800. Na hizo ni lita 80 kwa watu watano, yaani lita 16 kila mtu. Wataalamu wa afya wa dunia wanasema mtu ahitaji lita 50 mpaka 100 kwa siku. Sie twaziba pengo na chumvi. Mtu wa mfereji unaotoka analipia uniti, uniti ni lita 1,000, kwa pesa ambazo mie napatia mitungi michache tu. Lita 1,000 hizo hizo kwa hamali ni mitungi 50, nikiibeba mwenyewe ngazini ni 1,500, akinipandishia ni 2,000. Kadiri ulivyo fukara ndo unavyolipa zaidi kwa tone, na mwenye bwawa la kuogelea kule ng'ambo ya kisiwa analipa kidogo kuliko mie ninayeosha uso kwa kikombe. Na Katiba ya 2010, kifungu cha 43, imeandika waziwazi kila mtu ana haki ya maji safi na salama ya kutosha. Nimeisoma yote mbele na nyuma, habari ya kupandisha ngazi haimo.

Mtasema kuna maji ya mashine, vile viduka vya kujaza chupa kubwa, vimejaa kila mtaa. Nimejaribu, ni masafi, hayana ladha yoyote, chai yatoka vizuri. Lakini ile mashine hunyonya maji ya kisima, yachuja chumvi, na sehemu kubwa ya maji yenyewe yatupwa na hiyo chumvi kwenye mtaro nyuma ya duka, nimesimama nikaona bomba likimwaga mfululizo wakati mie nangoja chupa yangu ijae. Kisima kinyonywe zaidi ili maji mengi yatupwe, halafu bahari izidi kupanda, halafu mashine inunuliwe kubwa zaidi. Kwa kunywa mgeni sawa. Kila siku hapana.

Na bwawa la Mwache kule Kwale, la mkopo wa Benki ya Dunia, nalo twalisikia tu. Bi mkubwa anasema ameshasikia miradi mitano ya maji maishani mwake na kila mmoja ulikuwa ni wa mwisho, baada ya huo hakuna shida tena. Likija nitaliandikia rivyu.

Kama uko maeneo ya kisiwani na unaanza kutumia mkokoteni, fanya hivi. Tafuta hamali mmoja ukae naye, usiruke ruke, siku ya ukame atakukumbuka wewe kwanza. Nunua mitungi yako mwenyewe, iandike jina kwa rangi, ajaze hiyo hiyo na yake isiingie kwako, hapo ladha ya panchari waiepuka. Onja. Usilipe noti kubwa. Ramadhani weka oda mapema mno, alasiri kila mtu anataka maji ya futari saa moja hiyo hiyo na mikokoteni yajaa kichochoro mpaka waenda kwa miguu wanaruka juu ya mitungi. Na usimwambie kaka yule ati ni mnyonyaji. Nimeshamwambia mie kwa niaba yenu wote na nimejibiwa.

Nyota kwa jumla? Hamali tano. Mtungi tatu. Maji yenyewe nne siku ya tamu. Mfereji bado nautazama.

Nimeandika mpaka hapa na huku mvua imeanza, hizi za vuli, kubwa, bati la jirani lapiga kelele huwezi kusikia mtu. Watoto wameshatoa ndoo zote, mabeseni, sufuria ya pilau, hata lile birika la bibi, wamezipanga chini ya mfereji wa paa pale roshani, zajaa bure. Mtaa mzima unafanya hivo hivo, leo hakuna atakayenunua. Simu imelia, ni yeye, amejikinga mvua mahali na mkokoteni umejaa mitungi 20 ameshailipia. "Mama, leo waniambiaje?" Ndoo sita zimejaa nyuma yangu, ya saba yafurika. Nimemwambia alete miwili, na asipandishe, nitateremka mwenyewe.